Kibali cha Mtu Aliyemaliza Kazi
Barua ya wazi kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha

Kansanga, Kampala

Waheshimiwa Mawaziri,

Wachache kati yenu mnanizidi umri. Hao nawaamkia, shikamooni. Waliobaki nazipokea shikamoo zao kwa moyo mkunjufu, kisha niingie kwenye shida iliyonileta.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mtanzania wa Tanga, mkazi wa Kansanga hapa Kampala. Nimefundisha Uganda sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kazi ilipokwisha sikuondoka. Sababu zangu hazina makuu: daktari anayeijua presha yangu yuko hapa, msikiti wangu uko hapa, na wengi wa rika langu niliowaacha Tanga wameshatangulia mbele ya haki. Watoto wa majirani wananiita Jjajja, yaani babu. Wala siko peke yangu. Wapo Wakenya waliostaafu kwenye mabenki, wapo Wakongo waliofunga maduka yao uzeeni, wapo wazungu waliokuja na mashirika wakaizoea hewa ya Muyenga. Naandika kwa niaba yangu tu, lakini nawajua wengi ambao wangetia sahihi kama pasi zao za kukaa nchini zisingekuwa zimeisha muda.

Nawaandikia ninyi, siwaandikii maofisa wa madirishani. Afisa wa dirishani hatungi kanuni. Anaitumia, na akiwa mchafu anaiuza. Watungaji ni ninyi, pamoja na mawaziri wenzenu wa mambo ya ndani.

Neno langu ni hili. Sheria za Jumuiya yetu zinamjua mfanyakazi, mfanyabiashara, mwanafunzi na mtalii. Mtu aliyemaliza kazi hazimjui. Na pale alipoachwa bila jina ndipo rushwa ilipojenga kibanda chake.

1. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Nilikuwa kazini wakati huo, na kwenye chumba cha walimu tulishangilia kama timu yetu imefunga bao. Leo naisoma upya. Kifungu cha 7 kinanipa uhuru wa kuingia na kutembea. Cha 10 kinampa haki anayetafuta ajira, cha 13 anayeanzisha shughuli ya kujipatia riziki. Kisha kinafuata cha 14, chenye kichwa cha habari kitamu: haki ya kuishi. Kinawapa haki hiyo waliopokelewa kwa mujibu wa kifungu cha 10 na cha 13, pamoja na wenzi, watoto na wategemezi wao. Basi. Kama huajiriwi wala huna duka, kifungu hakikuhusu, hata kama umekatwa kodi ya mshahara katika nchi hiyo mpaka ukaota mvi.

Sheria ya Uganda inafuata mkondo huo huo. Vibali vya kuingia nchini vimepangwa kwa herufi, kuanzia A mpaka G: watumishi wa serikali na wanadiplomasia, wakulima, wachimbaji madini, wafanyabiashara, wenye viwanda, wataalamu wa kujitegemea, waajiriwa. Mimi nilikuwa G. Mkataba wa ajira ulipokwisha, herufi yangu ilikwisha nao, na hakuna herufi nyingine ya kuhamia. Kenya ina kibali cha daraja la K kwa mkazi asiyefanya kazi, na Tanzania inawaweka wastaafu kwenye daraja la C. Sisemi kwamba madaraja hayo yametulia. Lile la Kenya linadai kipato cha dola 24,000 kwa mwaka, na sijui ni mwalimu gani wa Afrika Mashariki mwenye pensheni hiyo. Lakini angalau mzee ametajwa.

Mtaniambia kipo cheti cha ukaaji kwa mgeni aliyeishi Uganda miaka 10. Kipo, na waliokipata wamepumzika. Ila kuthibitisha miaka hiyo ni kuonyesha vibali, na vibali hutafutwa na mwajiri. Waajiri binafsi si wepesi kuvihuisha. Mwalimu anaendelea kuingia darasani huku akiambiwa "inashughulikiwa", na siku ya kuhesabu miaka ikifika, mapengo ya mwajiri yanahesabiwa kuwa yake. Mjane naye ana hali mbaya zaidi. Pasi ya mtegemezi imefungwa kwenye kibali cha mume. Mume akizikwa, pasi inazikwa naye, na mama aliyelea watoto wake mjini hapa anaambiwa aeleze upya amekuja kufanya nini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulipewa, tukalima. Hakuna aliyetuambia kwamba siku ya kulirudisha tutaonyeshwa mlango.

2. Kinachobaki ni pasi ya raia wa Jumuiya, ambayo hufika miezi sita. Hivyo wastaafu wa Kampala tumekuwa wasafiri tusio na safari. Wakenya wanakwenda Busia au Malaba. Sisi Watanzania tunapanda basi la alfajiri kupitia Masaka na Kyotera mpaka Mutukula, tunavuka, tunakunywa chai upande wa pili, tunageuka. Na mpaka wenyewe sina ugomvi nao. Kituo cha pamoja kilichofunguliwa Novemba 2017 na Rais Museveni na hayati Rais Magufuli kimepunguza foleni kweli. Ugomvi wangu ni na swali. Afisa anauliza, mzee, unakwenda Uganda kufanya nini? Jibu la kweli ni kwamba narudi nyumbani, na hilo ndilo jibu lisilo na mhuri. Kwa hiyo mtu wa miaka sabini, aliyewafundisha watoto wa watu kusema kweli, anajiandikisha kuwa mgeni anayetembelea jamaa.

Wenye magoti mabovu hawawezi basi hilo. Hao wanakaa ndani, pasi inaisha, na kila siku inayopita inaongeza faini. Wenye fedha kidogo wana njia nyingine: wanasajili kampuni isiyouza hata kiberiti ili waombe kibali cha mfanyabiashara. Serikali inapata kampuni hewa kwenye daftari lake na mzee anapata hofu ya kukaguliwa. Sijui nani amefaidika, isipokuwa wakala aliyeandika makaratasi.

3. Sasa niwaeleze rushwa inavyofanya kazi, maana ripoti za semina huieleza kama tabia mbaya ya watu fulani, na mimi nimeiona kama biashara yenye utaratibu wake. Ofisi sitazitaja. Kwanza si moja, pili bado nitahitaji huduma zao.

Zamani, nasikia, fedha ilipita mkononi kwa afisa. Siku hizi ada za serikali Uganda zinalipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayotolewa na mamlaka ya mapato. Ni hatua njema na naipongeza. Lakini haikuua biashara, imebadilisha bidhaa. Ada haiwezi kuibwa tena kirahisi, basi kinachouzwa sasa ni muda. Maombi yako yamelipiwa, yamepokelewa, yana namba, halafu yanalala. Hakuna anayekukatalia, kwa sababu aliyekataa angelazimika kuandika sababu. Unaambiwa rudi wiki ijayo. Wiki ijayo mtandao uko chini. Wiki nyingine bosi yuko kwenye warsha. Kisha nje ya geti anakusogelea kijana nadhifu mwenye bahasha ya kaki, kayungirizi kama wanavyowaita hapa, anakuita mzee kwa adabu zote na anajua jina lako, tarehe uliyoomba na namba ya faili. Hayo ameyajuaje? Ndani ya ofisi wameniambia hawamjui. Yeye ndani anawajua wote.

Haombi rushwa. Neno hilo, au enguzi kwa Kiganda, halitamkwi. Anaomba hela ya mafuta ya gari la afisa, au vocha ya kumpigia mtu wa masjala. Anakuhurumia kabisa. Na kwa mtu mwenye kibali halali mzigo huo ni kero tu. Anaweza kukasirika, akasubiri, akarudi Jumatatu. Mstaafu mwenye pasi iliyobakiza siku chache hawezi kusubiri. Muda wake unahesabika, na wanaoujua vizuri zaidi kuliko yeye ni wale wanaouuza.

Hapo sijamtaja mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ambaye barua yake inatakiwa karibu kila mahali: benki, polisi, uhamiaji, kununua kiwanja, hata kuhamisha maiti. Nitamtetea kidogo, ingawa yeye hakunituma. Mabaraza haya yalizaliwa na mapinduzi ya 1986, na Julai 2018 wenyeviti walichaguliwa kwa mara ya kwanza tangu 2001, watu wakipanga mistari nyuma ya wagombea. Mshahara hawana. Posho iliyozoeleka ni shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi, ambayo haitoshi hata bodaboda za mwezi huo. Serikali imempa mtu mhuri unaohitajika na kila mkazi kisha ikamnyima riziki. Anapodai chochote kwa barua moja anafanya hesabu ambayo sisi tusingeifanya tofauti sana. Kinachoniudhi ni kwamba bei inabadilika ukifungua mdomo. Jirani yangu Mganda na mimi tuliomba barua ya aina moja, mezani pale pale. Yeye alitoa kidogo, mimi nikatajiwa mara kadhaa ya hiyo, kwa kuwa Kiganda changu kina lafudhi ya pwani.

Transparency International iliipa Uganda alama 26 kati ya 100 mwaka 2023. Kwetu Tanzania zilikuwa 40, Kenya 31. Hakuna wa kumcheka mwenzake kwa alama hizo. Desemba 2019 Rais Museveni mwenyewe aliongoza matembezi ya kupinga rushwa hapa mjini hadi Kololo. Nilitazama kwenye televisheni nikiwa na matumaini fulani. Ningependa siku moja yafanyike matembezi mafupi zaidi, kutoka masjala mpaka kwenye geti.

4. Kashtaki, tunaambiwa. Uganda ina Inspekta Mkuu wa Serikali, ina kitengo cha Ikulu cha kupambana na rushwa kilichoanzishwa 2018, ina sheria ya 2010 ya kuwalinda watoa taarifa ambayo hata inaahidi asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa. Kwenye karatasi hakuna kilichokosekana. Lakini sheria ya kupambana na rushwa ya 2009 inamhesabu mtoaji kuwa na hatia pamoja na mpokeaji, na ni sawa iwe hivyo kwa kampuni inayonunua zabuni. Kwa mzee ambaye pasi yake imekwisha kwa sababu faili lake limelazwa makusudi, maana yake ni kwamba anakwenda kushtaki huku ameshika ushahidi dhidi yake mwenyewe. Swali la kwanza atakaloulizwa ni kibali chako kiko wapi. Aliyemkamua analijua hilo, ndiyo maana alimchagua yeye. Huwezi kumkamua hivyo mtu mwenye haki. Unamkamua aliyeko kwa hisani. Ndiyo sababu nasema mihadhara ya maadili haitatusaidia mpaka kwanza tupewe haki ya kuwapo.

5. Pensheni. Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa wajibu umeandikwa kwa jina lenu. Kifungu cha 10 cha Itifaki kinampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya mafao ya hifadhi ya jamii, na kinalitaka Baraza hili litoe maelekezo na kanuni za kuitekeleza haki hiyo. Mfanyakazi aliyechangia Dar es Salaam kwa miaka minane na Kampala kwa ishirini anatakiwa kujumlishiwa, asihesabiwe kama watu wawili wenye vipande vya utumishi. Juu ya hayo, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda hulipa akiba yote kwa mkupuo, mtu akishafika miaka 55. Anayelipwa hivyo hana hati ya kipato cha kila mwezi cha kumwonyesha mtu. Mkitunga kibali cha mstaafu mkadai hati hiyo, mtakuwa mmewafungia nje hao hao mliokusudia kuwaingiza.

6. Mnaweza kudhani hili ni jambo dogo la wazee wachache. Jumuiya ya kwanza ilidhani hivyo pia.

Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na iliwaleta watu. Makarani, mafundi na madereva wa treni kutoka Kenya na Tanganyika walijaa kwenye nyumba za reli kule Nsambya, wakaoa, wakazika. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliamua kwamba wafanyakazi wa Kenya waondoke, na maelfu yao, wengi wakiwa Wajaluo, walifungasha kwa haraka. Walikuwa wafanyakazi halali mpaka asubuhi waliyoambiwa si halali. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Wahindi, hilo dunia nzima inalijua. Kisha 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika, na watumishi wa reli, bandari, posta na ndege wakabaki wakiulizana nani atawalipa. Ilichukua mpaka Mei 1984, kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, nchi tatu zikubaliane kugawana mali, Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ibebe pensheni za raia wake. Hata baada ya hapo, Dar es Salaam tumewaona wazee wa iliyokuwa Afrika Mashariki wakiandamana na kwenda mahakamani kudai haki zao, wakiwa na fimbo mkononi, wengine wakifa kesi ikiendelea.

Mimi niliwaona wazee hao. Nilipoanza kufundisha Kampala nilijua kabisa kwamba Jumuiya inaweza kuwasahau watu wake wakishazeeka. Niliamini tu kwamba hii ya pili imesoma historia ya ile ya kwanza.

Na nchi hii inajua kupokea watu. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na sheria yake ya wakimbizi ya 2006 inasifiwa duniani kwa kuwaruhusu kufanya kazi na kutembea. Sioni wivu, ndugu zetu wa Sudan Kusini na Kongo wamepitia mazito. Nasema tu kwamba nchi iliyoweza kuandika sheria ile haitashindwa kuandika aya moja kuhusu mwalimu mstaafu.

Basi ninachoomba ni hiki.

Baraza litoe kanuni inayomtambua raia wa Jumuiya aliyestaafu kuwa mkazi halali, kwa pasi ya miaka isiyopungua mitano, kuanzia umri wa miaka 55, kwa kigezo cha kwamba anaweza kujikimu, kikithibitishwa kwa akiba, pensheni, kodi ya nyumba au mtoto anayemtunza. Mjane au mgane wa mfanyakazi aingie humo humo. Utungaji wa kanuni huko Arusha huenda polepole, najua; kwa hiyo Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uganda asitusubirishe. Kuongeza daraja moja baada ya G kunaweza kuanzia Kampala.

Ofisi yoyote ya uhamiaji katika nchi wanachama itoe jibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na ikikataa iseme sababu. Hili si ombi jipya. Mwanasheria wa Kenya, Samuel Mohochi, alizuiwa uwanja wa Entebbe mwezi Aprili 2011 na kurudishwa Nairobi bila kuambiwa kosa lake. Mei 2013 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Kumzuia mtu mlangoni bila sababu ni kosa. Kulilaza faili lake bila sababu kunatofautianaje? Na ofisi ikikaa kimya zaidi ya siku hizo, ombi lihesabiwe limekubaliwa. Mtaona muda utakavyopoteza bei sokoni.

Mtu anayelalamikia rushwa ya uhamiaji asiulizwe hali ya pasi yake mpaka malalamiko yasikilizwe, na faini ya siku zilizosababishwa na faili kulazwa ifutwe.

Kanuni za mafao zinazotajwa kwenye kifungu cha 10 zitolewe na zianze kutumika, kwa tarehe inayotangazwa.

Kuhusu wenyeviti wa LC1, hilo ni la Serikali ya Uganda na nalipeleka huko: walipeni, kisha bandikeni bei ya barua ukutani, moja kwa wote. Na fomu, jamani. Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Bado sijapewa fomu hata moja kwa Kiswahili.

Mkataba unalitaka Baraza likutane angalau mara mbili kwa mwaka, ambayo ndiyo ratiba yetu ya Mutukula. Naomba jambo hili liwe kwenye ajenda ya kikao kijacho. Niko tayari kuja Arusha kutoa maelezo kwa nauli yangu. Ila nipewe taarifa mapema, kwa maandishi, pamoja na barua ya kumwonyesha afisa wa mpakani siku ya kurudi, kwa sababu akiniuliza nakwenda Uganda kufanya nini ningependa safari hii nimjibu kweli.

Wenu katika Jumuiya,

Mwalimu mstaafu,
Kansanga, Kampala

Nakala:
Waziri wa Mambo ya Ndani, Kampala
Waziri wa Serikali za Mitaa, Kampala
Spika, Bunge la Afrika Mashariki, Arusha